Volti Zangu na Mwamba wa Jibondo

Siku mbili mfululizo sikupata usingizi wa maana kwa sababu ya swali moja: ramani niliyowatolea watu wa kisiwa cha Jibondo ilikuwa ramani ya mwamba wao, au ramani ya makosa ya kompyuta yangu? Swali hilo lilikuwa na nusu ya pili, ambayo niliiogopa zaidi. Kama ni makosa ya kompyuta, nani aliyeifundisha kukosea? Jibu nilikuwa nalo tangu siku ya kwanza. Siku ya pili niliitumia kutafuta jibu jingine.

Nayaandika haya kwa ajili yako unayekuja kukalia kiti changu. Bwana Faki, mkuu wa ofisi yetu ndogo ya hifadhi ya bahari hapa Utende, anasema nimestaafu. Nina miaka ishirini na tisa. Mkataba wangu wa miaka minne umekwisha, basi, lakini wenzangu waliona raha kunifanyia sherehe ya mstaafu kamili. Walinipa saa ya ukutani, na Bwana Faki akatoa hotuba juu ya kizazi chetu kinachoondoka kazini. Yeye mwenyewe ana miaka hamsini na nane na bado yupo. Kwa kuwa nimeshaitwa mstaafu, nimeona nitimize na wajibu wa wastaafu, ambao ni kuwaeleza wanaobaki mambo ambayo hawakuuliza.

Wewe umeukuta ule mwamba wa mbele ya Jibondo ukivuliwa pweza kama miamba mingine, na huenda unadhani ulifunguliwa kwa utaratibu. Ulifunguliwa kwa utaratibu, ndiyo. Lakini ulikaribia kubaki umefungwa kwa sababu ya sehemu ndogo ya volti moja, na sehemu hiyo niliipunguza mimi, kwa mkono wangu, nikiwa nimeridhika kabisa.

Siku yangu ya kwanza nilifika na shahada ya kompyuta, begi la nguo, na daftari lenye orodha ya mambo ishirini na mawili yanayoweza kuharibika katika siku ya kwanza. Nilikuwa nimetoka Morogoro na sikuwahi kuishi karibu na bahari, kwa hiyo mambo tisa kati ya hayo yalihusu kuzama. Bwana Faki alinipokea mlangoni, akaitazama shahada yangu kwa heshima, akauliza, "Unaweza printa?"

Nikasema naweza. Ilinichukua siku mbili. Nilibadilisha programu, nikabadilisha waya, nikaandika barua kwa fundi wa Dar es Salaam. Mfagizi wa ofisi akaja kufuta vumbi, akavuta trei, akatoa karatasi iliyokunjamana nyuma yake, na printa ikaanza kuchapa. Orodha yangu haikuwa na karatasi iliyokunjamana.

Baada ya printa ndipo nikaonyeshwa mashine yenyewe. Ni hiyo hiyo unayoitumia, kompyuta kubwa ya mezani yenye kasha jeusi, iliyowekwa chumba cha nyuma. Chumba hicho kinapakana ukuta na kompresa ya kujazia mitungi ya wapiga mbizi. Wapiga mbizi wetu walikuwa wakienda kwenye mwamba uliofungwa, wanaogelea kwa mistari kama mtu anayepiga deki, na kupiga picha za chini ya maji kwa maelfu. Kazi ya mashine ilikuwa kuziunganisha picha hizo ziwe picha moja kubwa ya mwamba mzima, kisha kupima ni sehemu gani ina matumbawe hai na ni sehemu gani ni kifusi tu.

Kipimo hicho kilikuwa na uzito. Miaka hii ya hifadhi tumezoea miamba kufungwa na kufunguliwa, lakini huu wa Jibondo ulifungwa na wanakijiji wenyewe, baada ya kuona nyavu za kukokota zimeuvuruga. Walikubaliana na ofisi yetu hivi: siku ramani ikionyesha nusu ya mwamba ina matumbawe hai, unafunguliwa kwa wavuvi wa mshipi na kwa wanawake wa pweza. Ikionyesha chini ya nusu, unabaki umefungwa hadi upimaji mwingine, yaani mwaka mzima. Na kwa mwaka mzima wanawake wa pweza wangeendelea kwenda mwamba wa mbali, ambako bahari ikianza kujaa huwawahi njiani, wakirudi na maji kifuani na pweza kichwani.

Nililijua hilo tangu mwanzo. Nataka ulielewe, kwa sababu yanayofuata hayakufanywa na mtu asiyejua.

Upimaji wa mwaka wangu wa pili ulipofika, tatizo lilikuwa muda. Mashine ilihitaji saa kumi na moja kumaliza ramani moja, na siku hizo umeme wa kutulia saa kumi na moja ulikuwa haupatikani kirahisi. Ukikatika, UPS, ile betri ya akiba, inashikilia dakika kumi, inalia, inazima, na kazi inaanza upya. Mara nne nilifika saa ya tisa na kukatikiwa. Mara ya tano nikakumbuka kwamba mimi ni msomi.

Kila prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, hutoka kiwandani na kasi iliyopangiwa. Unaweza kuingia kwenye mipangilio ya ndani ya mashine na kuilazimisha iende mbio kuliko hapo, jambo ambalo vijana wa kompyuta wanaliita kuovakloki na kulizungumzia kama wengine wanavyozungumzia mpira. Yetu ilipangiwa gigahezi tatu nukta nne. Niliipeleka nne nukta mbili. Prosesa ikienda mbio zaidi huhitaji umeme zaidi, kwa hiyo unaipandishia volti. Ukiipa chache inakosa nguvu, ukiipa nyingi inapata joto. Kazi yote iko katikati hapo, na mtu mwenye akili anapanda hatua moja, anapima, anaandika, ndipo anapanda nyingine. Mimi nilipanda hatua sita kwa mpigo, kwa sababu saa sita mchana kulikuwa na ubwabwa.

Nilipotoka kula nikakuta skrini ya bluu, ile ya kompyuta iliyokwama. Nikawasha upya, ikaenda nusu saa, ikazima. Kwa siku tano mashine ilizima kila nilipoipa kazi nzito, na kwa siku tano nilishuku kila kitu isipokuwa mimi. Nilishuku UPS. Nilishuku chumvi ya bahari. Mwisho nikaishuku kompresa ya jirani, kwa kuwa ikiwaka taa za chumba zilififia kidogo. Nikaandika tangazo la ukurasa mmoja kupiga marufuku kujaza mitungi saa za kazi za kompyuta, nikalibandika juu ya kompresa. Kwa siku mbili wapiga mbizi walibeba mitungi yao kwenda kuijaza kwa jirani, wakipita mbele ya dirisha langu polepole kuliko ilivyolazimu. Kompresa ikiwa kimya kabisa, mashine ikazima mara saba. Tangazo nililibandua mwenyewe. Mmoja wao akaniomba alihifadhi.

Hapo ndipo Bwana Faki aliponituma mjini Kilindoni kwa Bi Shirin.

Bi Shirin ni wa familia moja ya Kihindi yenye duka karibu na soko. Ndugu zake wanauza vitambaa na mchele upande wa mbele. Yeye upande wa nyuma alirithi meza ya baba yake ya kutengenezea redio, akaigeuza kuwa meza ya majokofu ya samaki, feni, chaja na chochote kingine chenye waya. Niliichukua mashine kwa bajaji, nikiwa nimeipakata kama mtoto mgonjwa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho kwenye jokofu alilokuwa amelipasua.

Nikaanza kumweleza. Nilieleza muda mrefu, pamoja na historia ya kompresa.

"Mwanangu," akasema, "umeipima?"

"Nimesoma kwenye skrini, Bi Shirin. Volti moja nukta tatu tano."

"Nani kasema?"

"Mashine yenyewe."

"Ah. Mgonjwa kakwambia hana homa, ukamwandikia ruhusa ya kwenda nyumbani." Akachukua mita yake, yenye waya mbili zilizofungwa utepe mwekundu na mweusi, akainama juu ya kasha langu lililo wazi. Akagusa pembeni ya prosesa. "Hapa imelala. Moja nukta tatu tano, kweli. Sasa ipe ile kazi yake."

Nikaipa. Namba kwenye mita ikashuka mbele ya macho yangu, na joto kwenye skrini likapanda.

"Umeona? Usipime kitu kimelala. Kitu kilicholala hakina shida, hata mimi nikilala sina shida. Pima kikifanya kazi, na pima muda ule ule ambao kazi yenyewe inachukua." Akasogeza kiganja juu ya feni. "Na moto huu wote ni wa nini? Umeilazimisha kukimbia, ukaishindilia umeme, sasa inajizima isiungue. Ina akili kuliko mwenyewe."

"Kwa hiyo nipunguze volti?"

"Punguza mbio kwanza. Ukipunguza volti na mbio ukaziacha, haitazima. Itafanya kazi vibaya." Akalipiga kofi jokofu lake. "Mimi jokofu linalozima halinisumbui. Mwenyewe anakuja siku hiyo hiyo, analia, natengeneza. Linalonisumbua ni lile linalonguruma vizuri kabisa huku samaki wanaharibika ndani. Mwenye hilo haji mpaka watu wameshaumwa matumbo."

Nilimshukuru, nikaandika kila neno daftarini, nikapiga mstari chini ya neno "volti". Njiani kurudi Utende nilijieleza kwamba Bi Shirin ni fundi wa majokofu, na kwamba jokofu na prosesa ni vitu viwili tofauti. Mbio niliziacha pale pale. Volti nilizishusha hadi moja nukta mbili tano.

Joto likapungua. Skrini ya bluu ikatoweka. Nikaifanyia jaribio la dakika kumi, asubuhi, madirisha yote wazi na upepo ukiingia, na mashine ikafaulu. Nilitembea hadi mezani kwa Bwana Faki kumwambia tatizo limekwisha. Akaniuliza lilikuwa nini. Nikamwambia ni suala la kitaalamu.

Ramani ya Jibondo ilikamilika kwa saa nane. Jibu likawa chini ya nusu, kidogo tu. Bwana Faki aliipigia simu kamati ya mwamba ya kijiji, akawaambia ramani imetoka na matokeo si mazuri, na kwamba tungeyapeleka rasmi kwenye kikao cha Alhamisi. Ilikuwa Jumatatu.

Ningeishia hapo kama ningekuwa mtu mwenye kiasi cha kawaida cha majivuno. Lakini nilitaka kuandika ripoti kuhusu saa tatu nilizookoa, na ripoti ilihitaji kazi ile ile ifanywe mara mbili ili kuthibitisha muda. Jumanne nikairudia, picha zile zile, programu ile ile. Ikachukua saa nane, sawasawa. Jibu likawa juu ya nusu.

Kisha nikafanya alichosema Bi Shirin na ambacho sikukifanya: Jumatano, jua likiwa kali, niliipa jaribio la hesabu nzito, nikaiacha siyo dakika kumi bali muda mrefu. Dakika ya arobaini mashine ikaripoti kwamba imekosea hesabu. Haikuzima, haikutoa skrini ya bluu, feni iliendelea kuvuma vizuri kabisa. Nilifikiria samaki.

Mchana wa Jumatano niliandika orodha ya sababu za kunyamaza. Zilikuwa kumi na nne, na baadhi zilikuwa nzuri. Ramani iliyopo ilisema mwamba ubaki umefungwa, na matumbawe hayadhuriki kwa kufungwa. Tofauti ilikuwa ndogo. Hakuna mtu angejua. Ningeweza kurekebisha kimya kimya na kuwapa ramani sahihi mwaka ujao. Upande wa pili wa ukurasa niliandika sababu za kusema, nikapata moja, kwamba mwaka ujao uko baada ya mwaka mzima wa maji kifuani. Niliitazama hiyo moja ikiwa peke yake pale, nikaingia kwa Bwana Faki.

Nilimweleza yote, pamoja na mstari niliopiga chini ya neno lisilohusika. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo ramani ni mbovu."

"Inawezekana, Bwana Faki. Au ile ya pili ndiyo mbovu. Au zote mbili."

"Una uhakika?"

"Hapana."

"Miaka miwili nakungoja uwe na uhakika wa kitu," akasema. "Basi kesho usipeleke uhakika. Peleka hivyo ulivyo. Lakini utasema wewe. Mimi nitakaa pembeni."

Alhamisi tulivuka kwenda Jibondo na ramani mbili zilizochapwa. Tulipofika, kikao kilikuwa hakijaanza kwa sababu wanawake walikuwa wanapima pweza barazani mwa ofisi ya kijiji. Mizani ilikuwa imening'inizwa kwenye boriti, na kila pweza alipimwa watu wote wakiangalia. Mnunuzi mmoja akataja uzito, mwenye pweza akabisha. Hakuna aliyegombana. Pweza alitolewa kwenye ndoano, mizani ikaachwa itulie kwenye sifuri mbele ya wote, akatundikwa tena. Mnunuzi akakubali akiwa ananung'unika.

Aliyesimamia mizani ndiye Bi Tatu, mwenyekiti wa kamati ya mwamba, mama mfupi mwenye sauti ya kuitia watu walio mbali. Kanga yake ilikuwa bado imelowa hadi juu ya kiuno. Alikuwa ametoka mwamba wa mbali.

Niliwaamkia, nikatandaza ramani zote mbili kwenye mkeka, na kusema niliyokuwa nimejiandaa kusema kwa dakika tano. Niliyasema kwa sentensi tatu. "Hizi ni picha za mwamba wenu, zile zile, zimepimwa mara mbili. Moja inasema ufungwe, moja inasema ufunguliwe. Nimeiharibu mashine mimi mwenyewe, kwa kutaka iende haraka."

Mzee mmoja wa kamati akavaa miwani, akaitazama ramani ya kwanza, akaitazama ya pili, akavua miwani.

"Ipi ya kweli?" Bi Tatu akauliza.

"Sijui, Bi Tatu."

"Mmepiga picha mkakaa nazo miezi, mje mseme hamjui."

"Ndiyo."

"Na simu ya Jumatatu? Mimi nimeshawaambia wanawake waondoe matumaini. Kuna mmoja amelia hapo hapo ulipokaa."

Nikasogea kidogo kutoka hapo. Bwana Faki alikuwa anatazama kucha zake.

"Mbona umekuja kusema?" mzee wa miwani akauliza, kwa udadisi tu. "Ungenyamaza nani angejua?"

"Hilo nililiandika," nikasema. "Ni namba tatu kwenye orodha."

Mtu akacheka nyuma, kisha wengine wawili. Bi Tatu hakucheka. Alikuwa anaitazama mizani iliyoning'inia tupu.

"Binti, umemwona yule pweza?"

"Nimemwona."

"Tukibishana, tunamrudisha mizani ikiwa sifuri, mbele ya watu. Hatumchukui tukampime uani halafu tuje tuseme uzito ni huu. Hiyo mashine yako ina sifuri?"

Nilielewa mara moja, jambo ambalo halijanitokea tena tangu hapo. "Inayo," nikasema. "Kuna namna ya kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani."

"Inachukua muda gani ikiwa hivyo?"

"Saa kumi na moja. Umeme usipokatika."

"Ukikatika?"

"Tunaanza upya."

"Basi kikao kinahamia Utende," Bi Tatu akasema, akaanza kukunja mkeka pamoja na ramani zangu ndani yake.

Walikuja Jumamosi asubuhi, Bi Tatu na wanawake wengine wawili wa kamati, pamoja na mzee wa miwani, ambaye alisema amekuja kuona sifuri. Chumba cha nyuma kilikuwa hakijawahi kupokea watu wengi hivyo. Wapiga mbizi walikuwa wamezima kompresa kwa hiari yao, na ile karatasi yangu ya marufuku wameibandika tena mlangoni, safari hii ikiwa na maua yaliyochorwa pembeni. Daftari langu lilikuwa na ukurasa mzima wa mambo yanayoweza kuharibika siku hiyo. Nililiacha ofisini kwa Bwana Faki.

Niliwasha mashine, nikaingia kwenye mipangilio, nikageuza skrini ili waone. Nikawaonyesha namba niliyoiweka mimi, nne nukta mbili, na volti nilizozishusha. Nikateua mstari unaorudisha kila kitu kama kilivyotoka kiwandani. Mashine ikauliza, kama inavyouliza siku zote, kama nina uhakika.

Nikabonyeza ndiyo. Namba zikarudi, tatu nukta nne, na mzee wa miwani akainama akazisoma kwa sauti ili wote wasikie. Nikafungua picha za mwamba, nikaanzisha kazi. Mstari wa maendeleo ukakaa kwenye sifuri, ukakaa tena, kisha ukasogea upana wa unywele.

"Ndiyo mwendo wake huo?" Bi Tatu akauliza.

"Ndiyo huo."

"Haya." Akatandika mkeka sakafuni, akavuta kikapu chake na kutoa fungu la ukili wa kusukia mikeka, akampa kila mmoja wa wenzake kipande. Kipande cha nne akanirushia mimi. "Kaa chini. Na mikono yako uiweke hapa tuione."

Nikakaa.